Ushauri: Scania 113 ya zamani isipite mizunguko mingapi ya injini?

Mleta uzi
Wakuu, habari za kazi. Nina Scania 113 ya mwaka 1993, injini ya lita 11 yenye pampu ya zamani isiyo na mambo ya umeme, ambayo hupeleka mzigo Tunduma kutoka Dar es Salaam na mara nyingi hurudi na shaba. Fundi ananishauri tulegeze skrubu ya gavana (kifaa cha kwenye pampu kinachopunguza dizeli ili injini isizunguke kupita kiasi) ili gari lisibanwe mlimani, ilhali dereva wangu anasema kwamba akishuka mteremko wa Kitonga na mzigo, mshale wa kipimo cha mizunguko huingia kwenye nyekundu hata kama hajagusa mafuta. Je, kikomo salama kwa injini ya umri huu ni kipi, na kwa nini gavana haizuii hali hiyo?

Fundi Pampu
Mkuu, skrubu hiyo isiguswe. Injini yako hutoa nguvu zake zote ikiwa karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika, lakini msukumo wake wa kuvuta mzigo uko chini zaidi, kwenye 1,100 hadi 1,400 hivi, kwa hiyo kuifungulia gavana hakutakupa mlima, kutakupa kelele na bili ya dizeli. Ikiwa gari linachoka mlimani kuliko zamani, kagua kwanza filta za dizeli na hewa, mipira ya tabo (inayosukuma hewa kwenye injini) na nozeli zinazopulizia dizeli.

Kuhusu kushuka, gavana kazi yake ni kupunguza dizeli tu. Mzigo unaposukuma gari, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini kupitia gia, na hapo gavana imeshakata dizeli yote na haina tena cha kuzuia. Nguvu inayovuta konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) na boliti zake hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 2,000 ukafika 2,600, imeongezeka kwa karibu asilimia 70. Springi za valvu zilizochoka nazo hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati, pistoni ikaikuta njiani. Nimewahi kufungua injini ya namna hiyo. Valvu mbili zilikuwa zimepinda, na juu ya pistoni kulikuwa na alama ya mwezi mwandamo iliyochimbika vizuri kabisa.

Dereva Mstaafu
Ndugu mleta uzi, zungumza na dereva wako kuhusu gia kabla ya kuzungumza na fundi. Gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, kwa sababu ukishachelewa na gari likachanganya, kupangua katikati ya Kitonga ni kutafuta balaa: gia inaweza kukataa kuingia, ukabaki na breki za miguu peke yake. Anayeshuka na shaba ashuke kwa gia ileile ambayo angepandia na mzigo huo, au nzito zaidi, breki ya ekzosti (inayoziba moshi ili injini ilizuie gari) ikiwa imewashwa, na mshale ukianza kukaribia nyekundu akanyage breki kwa nguvu kidogo, apunguze mwendo, kisha aachie. Kuzishikilia kwa muda mrefu huzichemsha. Kama breki ya ekzosti haifanyi kazi, na magari mengi ya umri huo haifanyi, itengenezwe kabla ya safari ijayo.

Mwenye Malori
Naongezea jambo moja: msiuamini mshale huo bila kuupima. Kwenye magari ambayo dashibodi husoma mizunguko kutoka kwenye altaneta (jenereta ya kuchaji betri, inayozungushwa na mkanda wa injini), mkanda ukiteleza au puli ikibadilishwa kwa yenye kipimo kingine, mshale hudanganya. Bandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya krenki, upime kwa kifaa cha mwanga, injini ikiwa imepata moto na gari limesimama.

Ukitaka kuhakiki barabarani, chukua mfano wa difu ya 4 kwa 1 (shafti huzunguka mara nne tairi likizunguka mara moja), gia ya mwisho isiyozidisha mwendo (injini na shafti huzunguka sawa), na tairi linalosonga mita 3.4 kwa mzunguko: kwenye kilomita 80 kwa saa injini inapaswa kuwa karibu na 1,570. Dashibodi ikisema 1,900, kuna kitu hakisemi kweli.

Mleta uzi
Nawashukuru wakuu. Skrubu itabaki na lakiri yake, na breki ya ekzosti inaingia gereji Jumatatu. Fundi Pampu, springi za valvu hupimwaje bila kushusha silinda hedi?