Naomba ushauri: bodi ya gari la wazi yenye vipande vya kubadilisha

Habari zenu wakuu. Nina Suzuki SJ410, chesisi (fremu ya chuma ya chini) nzima lakini bodi imeliwa na kutu. Nataka kuisuka upya: mbele ibaki kama ilivyo, nyuma niwe nafunga kwa bolti paa gumu, turubai au bodi ya pikapu, kutegemea kazi ya siku hiyo. Wazo nimelitoa kwa Nissan EXA ya 1986, ambayo kipande chake cha nyuma kiling'olewa na kufungwa kingine, ikatoka kuwa "coupe" (gari la milango miwili lenye mgongo wa kushuka) ikawa kama wagoni (paa refu hadi nyuma).

Najua gari lisilo na chesisi ukilikata paa, bodi inajipinda na milango inagoma kufunga. Langu lina chesisi, ila naogopa kupinduka, maana nabeba wanangu. Fundi anasema fremu ya kioo cha mbele inatosha. Mimi siamini kabisa. Nafikiria upinde wa bomba nyuma ya viti, ushikwe na chesisi yenyewe.

Bomba liwe la unene gani? Niuchomelee au nifunge bolti? Na maji ya mvua kwenye maungio mnayazuiaje? Aliyewahi kusuka hivi anisaidie tafadhali, kabla sijaanza kukata bati.