Naombeni ushauri: nikizungusha mwili ndo slaisi inazidi

Mbezi24
Wakuu habari za jioni. Nacheza gofu pale Lugalo, mkono wa kulia, handikapu 24 (yaani bado mchezaji wa kawaida). Draiva yangu (fimbo ndefu ya kupigia mbali) inaanza kushoto kidogo halafu inakunja kulia mpaka kwenye majani, ndo slaisi yenyewe, ila nikishika ayani 7 au wedji (fimbo fupi za chuma) mpira unaenda kushoto moja kwa moja wala haukunji. Kedi wangu (anayenibebea fimbo) akaniambia sizungushi mwili, basi nikaanza kuzungusha kwa nguvu zote, mabega yanafunguka mpaka tumbo linatazama grini (kwenye shimo), ndo kwanza slaisi imezidi. Sasa nizungushe au niache? Na hii pleni ya swingi (mwinamo wa njia ya fimbo) kila mtu anaiongelea, ukiwa peke yako kwenye renji (uwanja wa mazoezi) unaijuaje?

bogi_kila_shimo
Tafuta draiva ya digrii 12 yenye shafti (mpini) laini mkuu, utanishukuru.

kedi_wa_zamani
Asikutie hasara huyo. Kushoto kwa ayani na kulia kwa draiva ni ugonjwa mmoja, fimbo inashuka kutokea nje inakata mpira kuja ndani. Kwenye ayani uso wa fimbo unawahi kufunga ukaifuata njia hiyohiyo, basi mpira unanyooka kushoto. Draiva ni ndefu, uso unachelewa unabaki wazi, na lofti yake (mlalo wa uso wa fimbo) ndogo kwa hiyo mzunguko wa pembeni unaonekana zaidi. Kaangalie divoti zako za ayani (alama fimbo inazochimba kwenye nyasi), kama zinaelekea kushoto ya shabaha jibu unalo.

Kedi wako yuko sahihi ila hajamaliza. Mwili unazunguka ndiyo, ishu ni nani anatangulia. Ukiwa juu kabisa bega la kulia likianza, linasukuma mikono mbele na fimbo inashuka kama mtu anapasua kuni, kwa hiyo kadiri unavyoongeza nguvu ya mabega ndo unavyozidi kukata. Uzito uende mguu wa kushoto kwanza, kiuno kifuate, mgongo ubaki kidogo ukitazama shabaha, kiwiko cha kulia kishuke karibu na mbavu, mabega yaje nyuma yao.

Nyali_Upepo
Hapo umesema kweli kaka. Mbezi24 chukua ile kofia ya draiva uiweke chini nje ya mpira na nyuma yake kidogo, acha nafasi ya fimbo kupita tu. Piga nusu swingi na ayani 7. Ukitoka nje utaigonga, haihitaji mwalimu.

shimo_la_19
Kuhusu pleni, simu iwe nyuma yako usawa wa mikono ikitazama upande wa shabaha, ukiiweka vibaya kidogo tu video inadanganya. Isimamishe pale mkono wa kushoto uko sambamba na ardhi wakati wa kushuka. Shafti ikipita juu ya bega la kulia umetoka nje, ikikatiza mkono wa juu wa kulia uko poa. Halafu usishangae njia ya draiva kuwa bapa kuliko ya wedji, shafti ndefu inakuweka mbali na mpira. Na usihangaike sana na njia ya kupanda, Jim Furyk, yule mchezaji wa kulipwa wa Marekani, anapandisha fimbo wima kabisa halafu inashuka ndani, na swingi hiyohiyo imempa ubingwa wa US Open 2003 na raundi ya mipigo 58 mwaka 2016.

daktari_wa_mgongo
Mbezi24 unafanya kazi ya kukaa? Kiuno kikikaza, kwenye kupanda mikono inanyanyuka bila mwili kugeuka, na ukishuka mabega ndo yanaokoa jahazi. Wanaosema mabega digrii 90 kiuno 45 wana viungo vyao. Geuza kidole cha mguu wa kulia nje kidogo na kisigino cha kushoto kiache kinyanyuke, utaona unageuka.

Mbezi24
Kazi ya kukaa ndiyo mkuu, na jioni foleni. Nimerudi renji, kofia nimeigonga mpaka jamaa wa pembeni wakacheka, baadaye ikaanza kupona. Divoti sasa zimenyooka, ila mipira mingine nachimba ardhi nyuma yake, hii nayo nini?

kedi_wa_zamani
Uzito umebaki mguu wa kulia. Simama miguu imebanana, ukiwa unapandisha fimbo piga hatua ndogo ya mguu wa kushoto kuelekea shabaha halafu ndo ushuke. Anza bila mpira, draiva iache nyumbani kwanza.

bogi_kila_shimo
Draiva yenyewe unaiuza bei gani?