Hesabu za mapigo 6/8 na 3/4 zote zina sita, sasa tofauti iko wapi?

besi_mgeni: Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada. Nina miezi mitatu kwenye kwaya, solfa (nota za do re mi) nasoma kwa kubabaisha, juzi nikakabidhiwa ngoma kwa vile aliyekuwa anapiga kahama. Kuna wimbo mwalimu anasema ni 6/8, nahesabu moja mpaka sita fastafasta nikifika nne ulimi umeshagongana, nikihesabu moja mbili tatu ananiambia hapo umepiga 3/4. Mbona hata hiyo 3/4 kila pigo nikiligawa mara mbili napata sita hizohizo?

mzee_wa_spidi: 6/8 ni 3/4 iliyoenda mbio tu, ongeza spidi dogo

kinanda_cha_nyuma: Mkuu usimpoteze dogo. Sita ni zilezile, ila mafungu ndo tofauti, 3/4 ni mafungu matatu ya mbilimbili, 6/8 ni mawili ya tatutatu. Achana na kuhesabu, sema maneno. Sema "mama mama mama" kofi lianguke kwenye kila MA ya kwanza, kofi tatu, hiyo 3/4. Sasa kwa mwendo uleule wa silabi sema "kitabu kitabu" bila kupumua, kofi pale unapokaza, kwenye TA. Silabi sita, kofi mbili. Mguu unahesabu mbili, sio sita.

sauti_ya_pili: Na hiyo "ki" ya kwanza inaingia KABLA ya kofi, ipo nje ya baa (fungu zima la mapigo, kati ya mistari mirefu miwili). Nyimbo kibao zinaanza hivyo, mpiga ngoma mgeni anagonga kwenye ki kwaya nzima inayumba 😂 Halafu cheki karatasi yako, kwenye solfa baa ya 6/8 ina kistari kifupi katikati, maana pigo la nne lina mkazo kidogo, halifikii la kwanza. Hizi fotokopi za fotokopi kistari kinatoka kirefu kama cha baa, unaona tatu tatu, unadhani 3/4.

mtu_wa_pwani: Sie huku Mombasa chakacha ya harusini ndio 6/8 yenyewe, ngoma zaenda mbio lakini tazama kiuno, chahesabu mbili tu

besi_mgeni: Asanteni sana, nimejaribu kitabu kitabu kwenye daladala abiria wa pembeni kasogea. Kofi limekaa, shida nikianza kuimba besi mkono unarudi kwenye mama mama

kinanda_cha_nyuma: Besi waachie wenzio kwanza. Weka metronomu (kile kifaa cha kugonga mwendo) milio 50 kwa dakika, mlio mmoja kwa kila TA, ukizoea ndo upandishe.