MJADALA: Migahawa yenye matawi mengi, mfumo wa masoko uhamishwe usiku mmoja au kwa mafungu?

Kaunta Kuu
Wakuu, hoja iko mezani. Mgahawa una matawi 40. Mkataba wa jukwaa la zamani, lile la barua pepe, SMS, pointi za wateja, kuponi na kurasa za matawi, unaisha baada ya siku 90. Kuna wanaosema hamisha yote usiku mmoja, na kuna wanaosema anza na matawi matatu, kisha kumi, kisha yaliyobaki.

Mimi ni wa usiku mmoja, na sababu ni pointi. Mteja leo kala tawi la kwanza, kesho yuko tawi la tisa. La kwanza liko mfumo mpya, la tisa bado la zamani. Salio lake liko wapi? Mifumo miwili ikishika salio moja, lazima mmoja useme uongo. Na tusidanganyane, mafungu maana yake ni kuwapa mameneja wa matawi miezi miwili ya kutunga visingizio.

Zamu ya Usiku
Visingizio? Mkuu, saa mbili usiku foleni imefika mlangoni na kuponi inakataa, anayetukanwa ni meneja wa tawi, siyo wewe wa makao makuu.

Na kuponi haikatai kwa ukaidi wa meneja. Mtu wa makao makuu ametengeneza punguzo kwenye mfumo mpya, linatafuta bidhaa namba 1042. Matawi sita menyu zao ziliingizwa kwa mkono kabla menyu ya pamoja haijaja, bidhaa ileile kwao ni 2210. Mfumo wa masoko unasema kuponi ni halali, mashine ya mauzo inasema bidhaa haipo, mhudumu anakata punguzo kwa mkono ili foleni isogee. Mwisho wa mwezi kuponi inaonekana haikutumika kabisa na hela hazipo. Hicho nacho ni kisingizio?

Fundi Kikoa
Nyote wawili mnabishania kitu ambacho barua pepe imeshakiamua. Kutuma barua hakuhamishwi usiku mmoja hata ukipenda.

Anwani mpya ya kutuma barua haina sifa yoyote kwa Gmail wala Yahoo. Ukiamka na kumwaga barua laki mbili siku ya kwanza, zinatupwa folda ya taka na kuzitoa huko ni kazi ya wiki. Inapashwa moto taratibu: siku ya kwanza elfu mbili tatu kwa waliofungua barua ndani ya siku 30, unaongeza maradufu kila baada ya siku mbili tatu ukitazama malalamiko ya spamu, unaingiza waliofungua ndani ya siku 90, wale waliolala unawaacha mwisho kabisa au unawafuta. Hesabu wiki nne mpaka sita. Kwa hiyo siku zako 90 toa 42 kwanza, ndipo tuongee.

Majukwaa mawili yanaweza kutuma kwa kikoa kimoja, yaani jina lenu moja la intaneti, kwa wakati mmoja, maana kila moja lina ufunguo wake wa DKIM, ile saini ya kuthibitisha barua, wenye jina lake. Panapovunjika ni SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako: rekodi lazima iwe moja tu, na haitakiwi kusababisha maulizo zaidi ya 10 kwenye DNS, lile daftari la anwani za intaneti. Mtu anaongeza rekodi ya pili pembeni ya ile ya zamani, zote mbili zinakufa. Weka kijikoa cha pekee kwa masoko, risiti za oda zipite njia nyingine.

Halafu jamani acheni emoji kwenye SMS. Moja tu inageuza meseji moja kuwa mbili.

Sufuria Kavu
Emoji moja inageuza meseji kuwa mbili? Fundi, usitulishe matango pori. Meseji ni herufi 160, emoji ni herufi moja. 159 + 1 = 160. Hesabu ya darasa la pili.

Tarakimu
Sufuria, hapo umechemka, na Fundi naye kakosea, ila kakosea kwa kupunguza.

160 ni kwa alfabeti ya kawaida ya simu. Emoji haimo humo. Ukiweka moja, ujumbe WOTE unahamia usimbaji mwingine, na kikomo kinashuka mpaka 70. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya 67, kwa sababu kila kipande kinabeba maelezo ya kuungana na wenzake. Emoji yenyewe inahesabiwa nafasi mbili, wakati mwingine zaidi. Chukua ujumbe wa herufi 150, bandika emoji moja: 152 gawa kwa 67, unalipia vipande vitatu. Zidisha na wateja wako.

Na emoji si mkosaji pekee. Alama ya king'ong'o ndiyo inayotumaliza sisi. Andika "ng'ara" moja kwa moja kwenye mfumo, ile alama imesimama wima, imo kwenye alfabeti, salama. Andika kwenye programu ya kuandikia nyaraka kisha unakili, inajipinda yenyewe kuwa koma ya juu, haimo, umeshuka mpaka 70. Kwa macho huoni tofauti. Ankara inaona.

Sufuria Kavu
Mfumo wenye akili ungeinyoosha wenyewe.

Tarakimu
Ipo mifumo inayofanya hivyo, mingine mpaka uiwashe. Ndiyo maana ni swali la kuuliza kabla ya kusaini. Na ujaribu ujumbe kwa jina refu kuliko yote la tawi, siyo lile fupi la kwenye onyesho la muuzaji. Ujumbe una herufi 152, jina la tawi moja likimzidi jingine kwa herufi tisa, matawi yote yenye majina marefu yanalipa mara mbili.

Zamu ya Usiku
Kumbe emoji huwa anaziweka nani? Makao makuu. Nauliza tu.

Kaunta Kuu
Wakuu, turudi kwenye mada. Menyu sita za mkono ni uzembe wa hayo matawi, sijabadili msimamo. Fundi nimekuelewa, barua ipashwe moto mapema, sawa. Ila pointi ni faili la CSV tu, jedwali la maandishi matupu. Unatoa usiku, unaingiza usiku, dakika ishirini, watu wanalala.

Tarakimu
"CSV tu." Mkuu, naomba nishike kichwa kwanza.

Kadi ya mteja ina tarakimu 16. Mtu mwema anafungua faili kwenye Excel "kukagua". Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, ya 16 inageuka sifuri. Anahifadhi. Sasa 4471 0926 1183 5507 imekuwa 4471 0926 1183 5500. Kadi tisa kati ya kumi zimekufa, na baadhi ya zilizopona zina ndugu mapacha: watu wawili wanasoma namba moja. Namba za simu zinapoteza sifuri ya mbele. Tarehe ya kuzaliwa iliyohifadhiwa kama saa sita usiku ikipita kwenye seva yenye majira yaliyo nyuma inarudi siku moja nyuma, mteja anapongezwa jana yake. Faili lisifunguliwe kwa kubofya, liingizwe kwa amri ya kuleta data, kila safu iwe maandishi. Simu zote ziwekwe mtindo mmoja, alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, namba, KABLA ya kutafuta waliojirudia.

Mpangilio wa kuingiza nao una adabu yake. Kwanza orodha ya waliojitoa. Halafu zima kampeni zote zinazojituma zenyewe, maana mfumo mpya ukiona mtu mpya unamkaribisha: umeingiza watu laki moja, laki moja wanapokea "karibu, chukua zawadi yako ya kujiunga". Baada ya hapo wateja, halafu salio. Salio likaguliwe kwa jumla kuu kwanza, kisha kwa kila tawi, kisha akaunti hamsini moja moja kwa jicho, zikiwemo zenye sifuri na zenye hasi. Hasi zipo, zinatokana na oda zilizorudishwa.

Na dakika zako ishirini zina tundu moja. Mashine ya mauzo iliyopoteza intaneti jioni inaendelea kuuza na kuweka mauzo pembeni. Asubuhi mtandao ukirudi inayatuma kule inakokujua, kwenye mfumo wa zamani. Pointi za jioni nzima zinaingia kwenye nyumba iliyohamwa. Kwa hiyo wa zamani hauzimwi, unaachwa masaa 72 ukipokea bila kutoa, halafu unachukua tofauti na kuihamisha.

Kaunta Kuu
Basi masaa 72. Bado si mafungu.

Sufuria Kavu
😂 usiku mmoja wa masaa 72.

Tarakimu
Umelipia vipande vingapi hapo?

Bi Mkataba
Ndugu zangu, mmesahau kitu kimoja cha mezani, kihalisia kabisa. Ule msimbo wa QR uliobandikwa kila meza unaelekea wapi? Kama kiungo chake ni kikoa cha muuzaji wa zamani, siku mkataba unapoisha meza zote za matawi 40 zinaelekea ukurasa mtupu. Msimbo haubadiliki baada ya kuchapwa. Dawa ni kuchapa upya mara moja tu, safari hii kwa kikoa chenu wenyewe, halafu kikoa chenu kielekeze popote. Mwelekeo uwe 302, wa muda. Ukiweka 301, wa kudumu, simu inaweza kuukariri, ukija kuubadilisha mteja bado anapelekwa kule kule.

Kadi za kwenye Apple Wallet nazo zinasainiwa kwa cheti, na anwani ya seva ya kuzisasisha imo ndani ya kadi. Cheti kikiwa cha muuzaji, kadi zilizoko kwenye simu za wateja ni zake. Lazima msukume kadi mpya wakati wa zamani bado anawajibika kuwajibu. Hili liandikwe kwenye barua ya kusitisha mkataba, pamoja na kumbukumbu za ridhaa: nani alikubali SMS, lini, kupitia fomu ipi, kwa maneno gani. Wengi wanahamisha "ndiyo" na kuacha tarehe. "Ndiyo" isiyo na tarehe haithibitishi kitu.

Na hapa ndipo swali la msingi lilipo. Orodha ya wateja ni ya nani, makao makuu au mwenye leseni ya tawi?

Zamu ya Usiku
Ya tawi. Aliyemshawishi mteja aandike namba yake ni mhudumu wa tawi.

Kaunta Kuu
Namba ameipa jina lililo juu ya mlango. Jina ni la makao makuu.

Zamu ya Usiku
Jina lenu linafua aproni?

Bi Mkataba
Taratibu. Hamna haja ya kugombana, someni mkataba wa leseni. Ukiwa kimya, mmalize hilo kabla ya kuhamisha hata mstari mmoja, maana mfumo mpya utauliza kila mteja ni wa tawi gani na kisanduku hicho kikishajazwa kimeshagawa mali. Wengine huweka vyote viwili: tawi alikojiandikisha, halibadiliki, tawi anakokula zaidi, linahesabiwa upya.

Fundi Kikoa
Naongeza wasifu wa Google wa kila tawi. Maoni ya wateja yanakaa kwenye wasifu, hayako kwenye jukwaa, kwa hiyo hayahami na hayapotei. Kinachoharibu ni mfumo mpya kushindwa kulinganisha msimbo wa tawi na kuunda wasifu wa pili. Tawi moja, wasifu mbili, saa za kufungua tofauti. Andaeni jedwali moja: msimbo wa tawi, namba yake kwenye mashine ya mauzo, namba yake kwa wasambazaji wa oda, ukurasa wake. Mistari 40. Hilo jedwali likiwa na kasoro, usiku mmoja na mafungu yote ni maafa.

Sufuria Kavu
Halafu ile ya Google ya malalamiko ya spamu, si walisema yasizidi asilimia 3?

Fundi Kikoa
0.3. Sharti la tangu Februari 2024, wanaotuma Gmail barua 5,000 kwa siku na zaidi, pamoja na DMARC, agizo la nini kifanyike barua ikishindwa uthibitisho, na kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja. Kwa raha yako kaa chini ya 0.1.

Sasa Kaunta Kuu, kabla ya lolote, muda wa kukariri rekodi za DNS ushushwe mpaka sekunde 300 siku mbili kabla. Nenosiri la DNS liko kwa nani?

Kaunta Kuu
Mambo hayo huwa kwa wakala wa tovuti.

Fundi Kikoa
Huyu wa sasa, au yule aliyejenga tovuti ya kwanza?

Kaunta Kuu
Wa kwanza.

Zamu ya Usiku
Tuulize mameneja wa matawi, labda wana kisingizio.