Vifuniko vya kutumika tena kwa chupa za jemu na achari: je, vinafaa hapa pwani?

Mpishi wa Langoni (Lamu)

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninasindika maembe, ndimu na ukwaju nyumbani kwangu hapa Langoni, na msimu wa maembe unapoingia, tangu Novemba hadi karibu na Machi, jiko langu halipoi. Chupa ninazotumia ni zile za kioo zenye hesi mdomoni, ambazo kifuniko chake huwa vipande viwili: kibati bapa chenye utando laini upande wa ndani, na ukanda wa bati unaozungushwa juu yake ili kukishikilia. Chupa zenyewe hazina neno, kwani hudumu miaka mingi zisipovunjika. Kinachonisumbua ni kibati, kwa sababu kimetengenezwa kitumike mara moja tu, na hapa kisiwani kukipata kingine si jambo jepesi. Hata kikipatikana Nairobi, hadi kifike Mokowe na kuvushwa kwa boti, gharama yake inakula faida yote ya chupa ya jemu.

Binamu yangu anayeishi Marekani ameahidi kuniletea vifuniko vya plastiki ngumu vyenye pete ya mpira, ambavyo husemekana vinatumika tena na tena. Kabla hajavinunua ningependa kujua kwa wenye uzoefu: je, vinashika kweli? Nitatambuaje kwamba vimeshika, maana kibati kikipoa hubonyea katikati na mtu husikia mlio wake? Je, mpira wake unastahimili joto na hewa ya chumvi ya huku kwetu? Na mwisho, mama mkwe wangu ananiomba nimsindikie jodari katika mafuta ya simsim ili awe naye wakati wa kusi, samaki wanapoadimika. Ikiwa vifuniko hivi ni imara kama wanavyovisifu, je, naweza kuvitumia kwa samaki?

Msindikaji wa Malindi

Wa alaikumu salaam, dada. Vifuniko hivyo ninavitumia kwa jemu ya maembe, kwa nyanya na kwa sharubati ya ukwaju, na jibu langu ni kwamba vinashika vizuri, ila vinadai mkono mwangalifu kuliko kibati. Mwambie binamu yako kwanza apime midomo ya chupa zako. Vifuniko hivi huja katika saizi mbili, za mdomo wa kawaida wa milimita 70 hivi na za mdomo mpana wa milimita 86 hivi, na haviingiliani na chupa za jemu za dukani hata zikionekana kulingana kwa macho.

Tofauti kubwa iko katika kukaza. Chupa inapochemka ndani ya maji, hewa iliyo juu ya chakula hutanuka na lazima ipate njia ya kutoka. Ikishatoka na chupa ikaanza kupoa, mvuke uliobaki hugeuka maji, ombwe, yaani utupu usio na hewa, hutokea, na kifuniko huvutwa chini kikagandamana na mdomo wa kioo. Kibati, kwa wembamba wake, huitoa hewa hiyo chenyewe bila wewe kufanya lolote. Plastiki ni ngumu, haipindi, kwa hiyo ukiukaza ukanda sana tangu mwanzo hewa haitoki, na chupa itapoa bila ombwe. Kwa hiyo weka pete ya mpira iliyoloweshwa, weka kifuniko, kishikilie kwa kidole kikae katikati, kisha zungusha ukanda kwa ncha za vidole hadi ukutane na upinzani tu, na uishie hapo. Baada ya kuitoa chupa majini, subiri dakika chache mchemko wa ndani utulie, ndipo uushike ukanda kwa kitambaa kikavu na kuukaza barabara. Hatua hii ya pili ndiyo wengi huiruka, kwa kuwa waliozoea kibati wamefundishwa, na kwa haki kabisa, wasiguse ukanda baada ya kuchemsha. Kwa vifuniko hivi kanuni imegeuka.

Acha pia nafasi ya kutosha juu ya chakula. Kwa jemu yenye kibati wengi huacha kama nusu sentimita. Mimi kwa plastiki huacha zaidi, karibu sentimita mbili, hasa kwa nyanya, kwa sababu nyuzi moja ya embe au mbegu moja ya nyanya ikipenya kati ya mpira na kioo inatosha kuharibu chupa nzima. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye siki kabla ya kufunika.

Kuhusu kutambua kama kimeshika, ni kweli kwamba hakuna mlio wala kubonyea. Acha chupa zipoe usiku kucha bila kuguswa, asubuhi fungua ukanda na uuondoe kabisa, kisha shika kifuniko chenyewe kwa kingo zake kwa ncha za vidole na uinyanyue chupa kidogo juu ya meza. Kilichoshika kitaibeba chupa na uzito wake wote. Baada ya hapo usiurudishe ukanda. Weka chupa kabatini bila ukanda, kwa sababu mbili: chumvi ya bahari hula bati hadi ukanda ukaganda kwenye hesi usifunguke, na, kubwa zaidi, chakula kikianza kuchacha ndani, gesi yake itakiinua kifuniko kisicho na ukanda nawe utaona. Ukanda uliokazwa ungeificha habari hiyo.

Sasa mpira. Joto la kawaida la pwani haliudhuru sana. Jua ndilo linaloukausha ukapasuka, kwa hiyo pete zikae gizani. Kabla ya kuzitumia tena, vuta kila moja taratibu na uitazame mwangani: yenye ufa, iliyolegea isirudi umbo lake, au iliyobonyea upande mmoja, itupe. Wakati wa kufungua usichokonoe kwa ncha ya kisu kikali. Tumia kisu butu cha mezani, ukipenyeze kati ya mpira na kioo hadi hewa iingie. Adui mwingine wa mpira ni mafuta. Mpira wa asili ukikaa ndani ya mafuta huvimba na kulainika, kwa hiyo achari yako yenye mafuta mengi isiguse pete. Kwa achari ya namna hiyo mimi hubaki na chupa ya kawaida yenye kifuniko cha kuzungusha, kwani chumvi, siki na ndimu vinailinda.

Mwalimu wa Sayansi ya Chakula

Maelezo ya mwenzangu wa Malindi ni sahihi, nami nitajibu swali moja tu, la jodari, kwa kuwa ndilo linalohusu uhai wa watu. Bibi, tafadhali usisindike samaki kwa njia unayoitumia kwa maembe, iwe kwa kifuniko hiki au kingine chochote. Kifuniko kazi yake ni kuzuia kisichomo kisiingie. Hakiwezi kukiua kilichomo tayari.

Bakteria aitwaye Clostridium botulinum huishi udongoni na katika matope ya chini ya maji, na mbegu zake hazifi katika maji yanayochemka ya nyuzi 100, hata zikichemshwa kwa saa nyingi. Hizo mbegu huamka mahali pasipo na hewa, penye unyevu, pasipo na ukali wa kutosha, yaani uchachu kama wa ndimu, na hapo hutoa sumu inayolegeza misuli: macho huona viwiliviwili, ulimi huwa mzito, kumeza huwa shida, na hatimaye kifua hushindwa kuvuta pumzi. Chupa yenye sumu hiyo inaweza isinuke, isibadilike rangi, wala isiwe na ladha mbaya. Tazama basi jinsi kifuniko kilichoshika vizuri kinavyozidisha hatari pale chakula chenyewe hakifai: kimeondoa hewa, na mafuta yamefunika kilichobaki.

Mpaka unaotumiwa na wataalamu ni pH, yaani kipimo cha ukali huo, ya 4.6. Chakula kikali kuliko hapo, yaani chenye namba ndogo zaidi, kinaweza kusindikwa kwa maji yanayochemka; kisichofikia ukali huo kinahitaji nyuzi 116 hadi 121, joto ambalo hupatikana tu ndani ya sufuria maalumu ya presha. Kwa samaki katika chupa ya nusu lita hivi, mwongozo wa Marekani unataka dakika 100 kamili kwa presha ya ratili 11 kwa inchi mraba, kwa sufuria kubwa yenye saa ya kuonyesha presha. Sufuria ndogo za presha tunazopikia maharagwe hazikutengenezwa kwa kazi hiyo; hupata moto na kupoa upesi mno, na hazituonyeshi presha iliyomo. Ng'onda wa kukausha, au samaki wa kugandishwa, ndiyo njia iliyo salama kwa mama mkwe wako. Tui la nazi na maharagwe nayo yamo katika kundi hili la hatari.

Hata matunda yanataka kutazamwa. Ndimu, ukwaju na embe bichi ni vikali vya kutosha. Embe lililoiva sana, ngowe au boribo lenye sukari nyingi, hupoteza ukali wake, na papai halina kabisa ukali wa kutegemewa, kwa hiyo vitie maji ya ndimu kwa kipimo cha maelekezo yaliyopimwa. Nyanya hukaa mpakani: tia vijiko viwili vya mezani vya maji ya ndimu ya dukani, ambayo ukali wake haubadilikibadiliki, kwa kila chupa ya lita moja. Kwa achari tumia siki ya dukani ambayo karatasi yake inaandika asilimia 5, na uiache siki ya tembo la mnazi kwa mapishi ya siku hiyohiyo, maana nguvu yake hubadilika kutoka mtungi hadi mtungi.

Sisi wa pwani tuna nafuu moja. Kwa kuwa tuko usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwa nyuzi 100 kamili, na dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo hazihitaji kuongezwa. Jemu yako ikichemka dakika 10 ndani ya chupa iliyozama majini inatosha, na wala huhitaji kuzichemsha chupa tupu kabla ya hapo, mradi ni safi na zina joto. Ndugu yako wa Nairobi hana nafuu hiyo, kwani kule maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi.

Mkulima wa Mambrui

Naomba niongeze kidogo. Wazo la kifuniko cha kutumika tena si jipya. Kibati cha kutupwa ndicho kipya. Chupa ya hesi ya Mmarekani John Landis Mason, iliyopewa hati ya uvumbuzi mwaka 1858, ilikuwa na kifuniko cha zinki na pete ya mpira, na Ujerumani kampuni ya Weck, iliyoanzishwa mwaka 1900, hadi leo hutengeneza chupa zenye kifuniko cha kioo, pete ya mpira na vibanio vya chuma. Mimi nina chupa za namna hiyo za Weck na ninazipenda kuliko plastiki, kwa sababu kioo hakishiki rangi ya manjano wala harufu ya pilipili, na ulimi wa pete huelekea chini chupa ikiwa imeshika, hivyo jicho linaona bila kunyanyua. Vibanio huondolewa chupa ikipoa, kwa sababu ileile aliyoieleza mwenzetu kuhusu ukanda. Ila ni nzito kubebwa kwenye sanduku la safari, na bei yake si ya mchezo.

Dada, ikiwa unauza, kumbuka mambo mawili. Mnunuzi hatakurudishia kifuniko, kwa hiyo vya kutumika tena viwe vya chupa za nyumbani mwako. Na chupa ya kuuzwa huhitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nao watataka kuona kifuniko ambacho mnunuzi anaweza kutambua kama kimekwisha kufunguliwa.

Mpishi wa Langoni (Lamu)

Nawashukuru sana nyote, na Mwalimu, nimekuelewa. Jodari nimemwacha, na mama mkwe nitamweleza mwenyewe. Nitaagiza vifuniko vichache vya mdomo mpana kwa matumizi ya nyumbani, na vya kuuzia nitabaki na vibati vipya. Limebaki swali moja: asubuhi nikinyanyua na kifuniko kikatoka, je, chupa hiyo ndiyo imekwisha?

Msindikaji wa Malindi

Haijakwisha, dada, ikiwa hazijapita saa 24 tangu uichemshe. Kagua mdomo wa kioo kwa kidole, kwani kijipande kilichomeguka kidogo tu huwa ndicho chanzo, na kikiwepo badilisha chupa. Chukua pete nyingine, pasha jemu moto hadi ichemke, ijaze upya na uichemshe tena kwa dakika zilezile zote. Kama ni chupa moja tu na hutaki kuwasha jiko kwa ajili yake, iweke kwenye friji, nyumba nzima iile kwanza hiyo.