Miaka mitatu ya shahada ya elimu maalumu, deni milioni 10, faida yake shilingi 26,640 kwa mwezi. Hii haki iko wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nina slipu mbili za mshahara hapa mezani na nimekasirika, kwa hiyo mniwie radhi nikipandisha sauti.

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nina shahada. Nilisoma miaka mitatu kwa mkopo wa serikali: ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo na bumu, yaani hela ya kujikimu, enzi hizo likiwa 8,500 kwa siku. Namaliza chuo deni limefika milioni 10 na ushee. Mwaka 2021 nikaajiriwa, nikapangiwa kitengo cha elimu maalumu kwenye shule ya msingi huku wilayani. Mwenzangu kwenye kitengo hichohicho ana stashahada, na hadaiwi hata senti kwa sababu ada alilipiwa na mjomba wake.

Sasa tazameni slipu zetu za mwanzo. Mimi niko daraja la mshahara wa walimu TGTS D, mshahara 716,000. Mfuko wa pensheni 35,800. Kodi 52,040. Bima ya afya 21,480. Chama cha walimu 14,320. Halafu unakuja mkopo, asilimia 15 ya mshahara ghafi: 107,400. Mkopo peke yake unazidi kodi na pensheni kwa pamoja! Mkononi nilibaki na 484,960.

Mwenzangu TGTS C, mshahara 530,000. Naye alikatwa pensheni, kodi, bima na chama kama mimi, ila hana mkopo. Alibaki na 458,320.

Tofauti ni 26,640. Hiyo ndiyo nyongeza niliyoifuata chuoni miaka mitatu, nikaikopea milioni 10. Simwonei wivu mwenzangu, ni mwalimu mzuri na mengi ya kitengo nimejifunza kwake. Lakini mtu mwenye mamlaka anieleze, kijana wa kidato cha sita akiniuliza leo asome shahada hii kwa mkopo au aishie stashahada, nimjibu nini?

Najua kuna watakaosema deni likiisha nitamwacha mbali. Lini? Kwa 107,400 kwa mwezi, milioni 10 ni karibu miaka minane. Mishahara imepanda tangu hapo, sawa, lakini makato ni asilimia, kwa hiyo yanapanda nayo. Na katika miaka hiyo minane ndipo mtu anaoa, anajenga, anauguza wazazi. Ukienda benki kukopa ya kiwanja, wanaangalia theluthi moja ya mshahara isiyoruhusiwa kuguswa, wanakuta Bodi ya Mikopo imeshachukua nafasi yake kubwa, unarudi nyumbani na fomu yako.

Makato haya zamani yalikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 Bunge likabadili sheria, yakawa 15, na aliyeanza kazi jana kwa mshahara wa mwalimu anakatwa asilimia ileile anayokatwa mwenye mshahara wa milioni tatu. Nashukuru mwaka 2021 Rais Samia aliifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, maana kabla ya hapo watu walikuwa wanalipa na deni linazidi kuongezeka. Ila hiyo 15 haijaguswa.

Na kazi yenyewe mnaijua? Kitengo chetu kina watoto wenye usonji, wenye ulemavu wa akili na wengine wenye kifafa, wote chumba kimoja. Kuna mtoto nimemfundisha kufunga vifungo vya shati muhula mzima. Kifungo cha kwanza juu tu ndicho kilituchukua wiki kadhaa, mkono wangu juu ya mkono wake, kila asubuhi kabla ya uji. Alipofunga vyote mwenyewe mama yake alikaa chini pale mlangoni akalia. Mtoto akijisaidia darasani namsafisha mimi, sabuni na nguo ya kubadilisha natoa kwenye hiyo hiyo 484,960. Kwenye slipu yangu hakuna mstari wowote wa posho kwa kazi hii.

Si kwamba nataka kukwepa. Nalipa, na ninajua hela hii ndiyo inayowasomesha wadogo zetu. Ninachodai ni kwamba serikali inayosema inatuhitaji ionyeshe kwenye makato. Iliandika Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Nani atautekeleza kama sisi tunakimbilia kusomea vitu vingine? Wanafunzi waliofaulu sana sayansi kidato cha sita wametengewa Ufadhili wa Samia, hawarudishi kitu. Ni vizuri, wapewe. Sisi tutengewe nini?

Marekani, pamoja na ubepari wao wote, mwalimu wa elimu maalumu akifundisha miaka mitano mfululizo kwenye shule za watoto wa kipato cha chini anaweza kufutiwa hadi dola 17,500 za mkopo wa serikali, wakati walimu wengi wa masomo mengine wanaishia dola 5,000. Wameona fani ina uhaba, wakaweka hela pale penye uhaba.

Madai yangu ni mawili. Mwalimu aliye kwenye kitengo au shule ya elimu maalumu akatwe asilimia 8, si 15. Na akitimiza miaka mitano akiwa bado anafundisha watoto hao, salio lifutwe. Akihamia ofisini, alipe kama wengine.

Walimu wa vitengo mliomo humu, wekeni namba zenu: daraja, makato ya mkopo, na kinachobaki mkononi. Futeni majina na namba za utumishi. Nazikusanya zote, nitampelekea mbunge wetu kabla ya kikao cha bajeti ya Wizara ya Elimu.