Nimelipia kifurushi nione filamu ya Oscar, wameipaka rangi na kuikata miguu!

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, leo nimechefukwa.

Kuna kampuni ya ving'amuzi, jina silitaji wasije wakanizimia kabla mwezi haujaisha. Wana chaneli ya filamu za zamani, na wiki nzima wametutangazia The Third Man ya 1949. Hii si filamu ya kujazia muda. Ndiyo iliyompa Robert Krasker Oscar ya upigaji picha mwaka 1951, enzi ambazo filamu za rangi zilikuwa na tuzo yao na nyeusi na nyeupe zina yao. Nikapandisha kifurushi kwa ajili yake tu.

Inaanza, naona RANGI! Kompyuta imepaka. Vienna ya baada ya vita, magofu kila kona, imegeuka keki ya harusi.

Jamani, wale watu walimwagia maji mawe ya barabarani usiku ili yaakisi taa, maana mawe makavu yanameza mwanga na ungeona shimo tu. Kuna mzee muuza maputo, kivuli chake kinatangulia ukutani kikubwa kuliko nyumba, roho inakuruka, kumbe ni kizee cha watu kinatafuta riziki. Ukishaupaka ukuta rangi ya samli na usiku ukaufanya bluu, kivuli hicho kinamtisha nani?

Hayo afadhali. Filamu ilipigwa kwa umbo la karibu mraba, kama TV zetu za zamani. Wao wameikuza ijaze skrini pana, karibu robo ya picha imeliwa juu na chini. Nendeni pale mlangoni: paka anajisugua kwenye viatu vya mtu aliyejificha gizani. Taa inawaka dirisha la jirani, ghafla uso wa mwigizaji Orson Welles huu hapa. Filamu nzima ilikuwa inatupeleka hapo! Mimi nimeambulia masikio ya paka na nusu kiatu. Na kwa kuwa wameongeza mwangaza kila mahali, jamaa nilishamwona amesimama zake hata kabla ya taa. Sasa taa ya nini?

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada akasema picha "imeboreshwa". Nikaomba toleo la asili, akaniambia nizime king'amuzi, nihesabu mpaka thelathini, niwashe.

Ijumaa eti wanaleta Hud ya 1963, nayo nyeusi na nyeupe, Oscar ya mpiga picha James Wong Howe. Hiyo ni pana kwelikweli, kwa hiyo zamu hii watakata pembeni, na ile mbingu nyeupe ya Texas inayoumiza macho wataipaka bluu ya kadi ya mwaliko.

Anayejua pa kudai hela zangu aseme, TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, wanapokea malalamiko ya namna hii? Na wale wa "si uzime tu TV ulale", piteni kimya.